Makochi Jukwaani

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Tuelewane mapema, maana kuna wasomaji wepesi wa kuguna kabla msimulizi hajavuta hata pumzi ya pili. Ya kwetu haina ukumbi mkubwa wa muziki, kwa hiyo haiwezi kuwa yetu. Ya kwangu inaitwa Tumeshukuru, iko mbali, na mtu akikuuliza uliipita lini, mwambie hujawahi.

Huko Tumeshukuru, shughuli yoyote ya serikali huwa na viti vya aina mbili. Kuna makochi, yenye vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye migongo yake, ambayo hupangwa mbele yakiwatazama wananchi ili wananchi nao wapate cha kutazama. Halafu kuna viti vya plastiki, vya wananchi wenyewe. Kati ya makochi na plastiki hubaki uwazi, na hapo ndipo huwekwa burudani. Mwimbaji huwaelekezea wakubwa uso na wananchi huwapa mgongo. Akithubutu kugeuka, huyo ameshaingia kwenye siasa.

Bi Asumini Ngaluma aliimba kwenye uwazi huo maisha yake yote ya utu uzima. Yeye alianzisha na kikundi chake, Wamama wa Kinu, wakaitikia, na kwa mtindo huo walizindua madaraja, mizani ya pamba, hata choo cha soko. Kila mara kipaza sauti kililia nduru, wakubwa wakaongea na simu zao, na wananchi huko nyuma wakaulizana wale wamama wanasema nini.

"Mwanangu," alimwambia bintiye Siwema, "nimeimbia vitambi vya waheshimiwa mpaka nikiviona navitambua bila kutazama sura. Nataka siku moja tu nisikike kwa mtu wa mstari wa mwisho. Moja tu, basi."

Neno hilo lilimkaa Siwema rohoni, akamwahidi kwamba siku hiyo atamsikiliza kutoka mstari wa mwisho. Akasoma uhandisi, akabobea kwenye mambo ya sauti na majengo, akarudi akiwa mtu pekee Tumeshukuru anayejua kwa nini ukumbi wa mawe unavuma na stoo ya magodoro haivumi. Serikali ilipoamua kujenga Ukumbi Mkuu wa Taifa, kwa sababu nchi jirani ilikuwa imejenga wake na jambo hilo lilikuwa linauma, kazi akapewa yeye.

Jengo lilipokaribia kwisha, uvimbe ulimtokea Bi Asumini kooni. Ilikubaliwa apasuliwe baada ya kuimba kwenye sherehe za uzinduzi. Daktari, mtu mkweli kupita kiasi, alisema uvimbe atautoa, lakini kama sauti itabaki hilo hawezi kuliahidi. Kwa hiyo ile siku moja ilikuwa moja kweli.

*

Ukumbi ulikuwa mzuri, na Siwema, ambaye si mtu wa kujisifu, alijisifu. Juu ya jukwaa palikuwa na dari la mbao lililopinda kama kiganja nyuma ya sikio, la kuichukua sauti ya jukwaani na kuitupa mpaka nyuma kabisa bila kipaza sauti. Viti vya wasikilizaji vilipanda kwa ngazi, ili kichwa cha mtu kisizibe sikio la mwenzake. Na viti vyenyewe vilikuwa vya sponji nene, na humo ndimo ilimokuwa akili yote. Mtu hunywa sauti: nguo zake hunywa, na mwili wake hunywa. Ukumbi uliojaa si ukumbi ule ule ukiwa mtupu. Lakini kiti cha sponji hunywa sauti karibu sawa na mtu, kwa hiyo mtu asipokuja, kiti kinamshikia zamu na mwimbaji haoni tofauti.

Viti vilifika bandarini, vikapokelewa kwa ngoma na hotuba, na havikuonekana tena. Siku ya mazoezi Siwema alikuta viti vya plastiki, vyekundu na vya bluu, vimepangwa vizuri kabisa.

"Viti vyangu viko wapi?"

Aliyeulizwa ni Bwana Gaudensi Chilumba, Mkurugenzi wa Itifaki, mtu mwenye adabu nyingi ambaye hakuwahi kuketi kabla ya kujua nani mwingine ameketi. "Mhandisi, kiti ni kiti," alisema. "Mtu akikalia hiki si atakuwa amekaa?"

"Si suala la kukaa, Mkurugenzi. Ni suala la kusikia."

"Kwani watasikilizia makalio?"

Jibu la kweli, kwa namna fulani, lilikuwa ndiyo, na Siwema hakuona pa kuanzia kueleza.

Bi Asumini akapanda jukwaani kujaribu. Sauti ikatoka, ikaenda ikagonga plastiki, ikarudi, ikapishana na mwenzake iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka. Mstari wa pili ukaanza wa kwanza haujaondoka. Alinyamaza na sauti yake ikaendelea peke yake kwa muda.

"Siwema," aliita kutoka jukwaani, "humu ndani kuna mwanamke mwingine, na wimbo haujui."

Siwema akamgeukia Chilumba. "Umesikia? Plastiki tupu hainywi kitu. Kama viti vimepotea..."

"Havijapotea. Havijulikani vilipo."

"Kama havijulikani vilipo, basi nipe watu. Kila kiti kiwe na mtu, mtu mwenye nguo zake. Watu wenyewe ndio watakuwa sponji."

Uso wa Chilumba ukang'aa. "Watu? Mhandisi, si ungesema mapema! Watu ndio tunaowaweza."

Na ilikuwa kweli. Tumeshukuru iliweza kukosa maji, chaki na dawa ya macho, lakini haikuwahi kukosa watu wa kujaza viti. Kila penye shughuli malori yaliingia mtaani asubuhi, mwenye kibarua chake akaachishwa, akapewa fulana na kofia, na adhuhuri ikamkuta ameketi akipiga makofi kwa jambo ambalo hakuwa amelisikia. Serikali ilikuwa na ustadi huo, na mimi penye kusifu nasifu.

Siwema akarudi nyumbani ametulia kidogo. Alidhani yamekwisha.

*

Kesho yake aliwakuta vijana wa Itifaki wanapandisha makochi jukwaani. Kochi kubwa la katikati, la Mlezi Mkuu mwenyewe, kiongozi wa nchi, liliwekwa barabara chini ya dari lile lililopinda. Bwana Chilumba alikuwa ananyoosha vitambaa vya kufuma.

"Haya yanafanya nini huku?"

"Yanakaa."

"Mkurugenzi, jukwaa ni la waimbaji!"

"Jukwaa ni mahali pa heshima, na heshima ina wenyewe." Chilumba alishusha sauti. "Halafu hizo ngazi zako za viti, mchuuzi wa mikate wa mstari wa mwisho yuko juu ya kichwa cha Mlezi Mkuu. Hilo nimelinyamazia kwa kukuheshimu wewe. Lakini nikimshusha tena Mheshimiwa akae kule shimoni nao, si nitafukuzwa?"

"Na waimbaji watasimama wapi?"

"Mahali pao. Chini, mbele ya makochi."

"Wakiwapa watu migongo."

"Wakimpa Mheshimiwa nyuso," alisahihisha Chilumba.

Siwema alijishika kichwa. Alieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu njia ya kwenda hospitali. Sauti ya wamama itaingia kwenye makochi na kufia humo humo. Dari, ambalo halina adabu wala itifaki, litachukua sauti ya yeyote aliye chini yake na kuitupa kwa watu. "Nisikilize, Mkurugenzi, nakuomba. Mtu akikaa kwenye lile kochi la katikati akanong'ona, mtu wa mstari wa mwisho atamsikia kuliko atakavyomsikia mama yangu akiimba."

Chilumba aliacha kunyoosha vitambaa, na Siwema akadhani limemwingia. Kumbe alikuwa ameguswa moyo. "Hilo ni jambo jema sana," alisema. "Wananchi wana haki ya kumsikia kiongozi wao."

"Akinong'ona, nimesema!"

"Hata akinong'ona. Binti yangu, serikali hii haina neno lisilofaa kusikika."

Siwema akaenda kwa Waziri wa Sherehe, Makofi na Maendeleo. Waziri alimsikiliza huku akichezea simu, akamwambia jambo lake ni la kitaalamu sana na kwa hiyo halina haraka. Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu, mbuzi angalau hukutazama. Akamrudia Chilumba mara nyingine, na nyingine tena, na kila mara alimkuta na kitambaa cha kufuma mkononi.

Jioni alimweleza mama yake. Bi Asumini aliligusa koo lake pale palipovimba.

"Kwa hiyo vitambi tena," alisema.

Siwema alilia, na hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira, ile ya kutaka kuvunja kitu ukatazama huku na huku ukaona kila kinachovunjika ni mali ya serikali.

*

Siku ya uzinduzi malori yalifanya kazi yake. Hakikubaki kiti kitupu. Siwema aliketi mstari wa mwisho, huko huko alikokuwa amemwahidi mama yake, karibu na mchuuzi wa mikate aitwaye Songoro, aliyechukuliwa barabarani na baiskeli yake ikafungwa nje na kapu la mikate juu. Fulana aliyopewa ilimfika magotini.

"Dada, leo ni sherehe ya nini?" aliuliza.

"Ya kufungua ukumbi."

"Hewala. Nilidhani ni kampeni."

Wakubwa wakapanda makochini. Wamama wa Kinu wakasimama chini, wakawageuzia watu migongo, wakaanza. Yakawa yale yale aliyoyasema Siwema. Midomo ya wamama ilionekana kwa ubavu ikifunguka na kufumba, na kilichofika nyuma kilikuwa kama watu wanaosemezana chumba cha pili. Mabega ya Bi Asumini yalipanda na kushuka kwa jitihada, koo lake likitumika bure, na Siwema akawa anayahesabia pumzi.

Kisha, katikati ya wimbo, sauti ya mwanamume ikasikika wazi, laini, kana kwamba mwenyewe ameketi mapajani pako.

"Hawa wamama hawachoki?"

Alikuwa Mlezi Mkuu, amemwinamia Waziri. Wananchi walitazamana. Mlezi Mkuu amesema, na amemaliza sentensi, na Tumeshukuru mtu hufundishwa tangu utotoni la kufanya hapo. Wakapiga makofi. Mlezi Mkuu akatabasamu, akapunga mkono, akidhani wamefurahia wimbo.

"Kochi hili linanichoma mgongo," akanong'ona tena. "Vile viti vya sponji viliishia wapi?"

"Viko kwako, Mheshimiwa," sauti ya Waziri ikajibu. "Vingine tumempelekea mama mkwe wako, kwenye ukumbi wake wa harusi."

Makofi yakapigwa tena, lakini machache, na mikono mingine iliishia hewani.

"Na maji ya Bondeni? Niliahidi lini?"

"Umeahidi mara mbili, Mheshimiwa."

"Niahidi tena leo?"

"Ahidi tu. Hawa ukishawapa kofia na soda, kumbukumbu imekwisha."

Hapo hakuna aliyepiga kofi. Ukumbi ulinyamaza kabisa, na wamama nao, wasiojua kinachoendelea migongoni mwao, walipunguza sauti wakanyamaza. Songoro alivua kofia, akaitazama ndani na nje, akaisukumia chini ya kiti kwa mguu. Siwema alikuwa amelisema hili kwa kila mtu mwenye tai katika nchi nzima, na sasa kuwa kwake sahihi kulikuwa hakumsaidii kitu.

Mlezi Mkuu akauona ule ukimya. "Mbona kimya?" akanong'ona. "Wamelala?"

Kiongozi akiuliza, hujibiwa.

"Hatujalala, Mheshimiwa!" ukumbi mzima ukaitika, kwa adabu zote.

Mlezi Mkuu aliinuka polepole, kwa utulivu wa mtu aliyekumbuka kuwa ana safari, akatoka kwa mlango wa nyuma wa jukwaa. Kitambaa kimoja cha kufuma kiliganda mgongoni mwake na hakuna aliyekuwa na cheo cha kukibandua. Waziri akamfuata, na wengine wakamfuata Waziri.

*

Sasa, Tumeshukuru hakuna mtu anayeruhusiwa kuondoka kabla mgeni rasmi hajaondoka, na mgeni rasmi hawi ameondoka mpaka Itifaki itangaze. Bwana Chilumba alisimama pembeni ya jukwaa, kipaza sauti mkononi, jasho likimtiririka. Kutangaza kwamba Mlezi Mkuu ameondoka kungezua swali la kwa nini ameondoka. Hakutangaza. Watu wakabaki vitini, kila kiti na mtu wake, kila mtu na nguo zake.

Siwema aliona jambo ambalo hakuwa amelipanga yeye wala serikali. Ukumbi umejaa, jukwaa liko tupu. Aliteremka ngazi mbio mpaka kwa mama yake.

"Mama, panda."

"Hapana!" Chilumba alimjia. "Jukwaa ni la Mheshimiwa."

"Kwani yupo?"

Chilumba alilitazama kochi la katikati. "Kiitifaki, yupo."

"Mgeni rasmi akiwepo, burudani huwa inafanya nini?"

Mkurugenzi wa Itifaki alifikiri kwa uchungu. "Inaendelea," alisema.

Bi Asumini alipanda, akasimama mbele ya kochi la Mlezi Mkuu, akageuka. Kwa mara ya kwanza aliwaona watu aliokuwa akiwaimbia. Siwema naye alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kurudi mstari wa mwisho, kwa sababu alitaka kusikia kutokea kule alikoahidi, na hakutaka kuambiwa na mtu.

Wimbo wa kusifu Bi Asumini aliuacha. Aliimba ubeti ambao wenzake hawakuwahi kuusikia, wala bintiye:

*Niazime sikio,*
*nikuazime koo.*
*Koo likinyamaza,*
*sikio na liimbe.*

Sauti ilifika. Ilifika nzima, pamoja na mkwaruzo wa uvimbe na pumzi kati ya mstari na mstari. Watu wakaipokea kwa nguo zao na miili yao, isirudi nyuma kumsumbua mwenyewe. Wamama walipoidaka na kuitikia, Songoro alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa inacheza.

*

Bi Asumini alipasuliwa. Uvimbe ulitoka na sauti ikatoka nao.

Wakati huo huo iliundwa Tume ya Kuchunguza Sauti Zisizoidhinishwa. Kuhusu viti, serikali ilikuwa imeshatoa tamko kwamba havikuibwa, viko likizo. Tume ilitaka kujua jambo moja tu, nani alisikia nini kutoka jukwaani.

Wananchi waliitwa mmoja mmoja, mstari kwa mstari. Wa mbele alisema hakusikia kitu. Wa katikati alisema ana matatizo ya masikio tangu surua. Mmoja alisema alisikia kama mtu anauliza habari za maji. Akaombwa aende akatafakari, aje kesho, na kesho yake akawa hakusikia. Siwema alikaa kwenye kikao cha Tume akiwasikiliza, na kila "sikusikia" ilikuwa inalibomoa jengo lake tofali moja moja. Aliielewa hofu yao. Angekuwa na watoto na baiskeli ya mikate naye angeiogopa Tume. Lakini kuielewa hakukumpunguzia hasira, na walimtia hasira kuliko hata Chilumba, kwa sababu hawa walikuwa wamesikia.

Akaja Songoro.

"Ulikaa wapi?" aliuliza mwenyekiti, jaji mstaafu.

"Mstari wa mwisho, mzee."

"Ulisikia nini?"

Songoro alimtazama Siwema, kisha akatazama viatu vyake. "Nililala, mzee. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Siwema alisimama. "Mimi nimesikia!" alipaza sauti. "Nimesikia kila neno, la Mlezi Mkuu na la mama yangu!"

Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba ushahidi wake haupokeleki, kwa kuwa yeye ndiye aliyejenga.

Taarifa ikasomwa redioni. Kwa kuwa umma wote uliohudhuria haukusikia chochote kutoka jukwaani, Tume imejiridhisha kwamba ukumbi hauna uwezo wa kupeleka sauti. Kosa ni la mhandisi, na ameachishwa kazi. Jengo litatumika kuwa ghala la kofia na fulana. Fulana, kwa taarifa yako, hunywa sauti vizuri sana.

Bi Asumini aliyasikia hayo akiwa nyumbani, kitandani karibu na dirisha, shingo imefungwa bandeji. Hakuna mtu aliyesikia chochote. Siwema aliizima redio na hakuweza kumtazama mama yake usoni. Maisha mazima ya yule mwanamke, na siku yake moja, yalikuwa yamefutwa kwa sentensi moja yenye muhuri.

Nje ikapita kengele ya baiskeli. Mikate, mikate. Na katikati ya kuita, mwenye baiskeli alikuwa anapiga mluzi.

Siwema aliujua mluzi ule kabla hajajua kuwa anaujua. Ulikuwa ule ubeti. Haukuwahi kuimbwa kabla ya siku ile wala baada yake, na aliyeutunga alikuwa hapo kitandani hana sauti. Alitoka mbio bila viatu, akaushika usukani wa baiskeli.

"Wewe! Ulisema ulilala!"

Songoro alishtuka, akatazama kulia na kushoto. "Nililala, dada."

"Na huo wimbo umeutoa wapi?"

"Nimeuokota tu njiani. Mtaani kwetu wote wanao." Akaitoa mikono ya Siwema pole pole kwenye usukani. "Niachie nipite, nina watoto. Mikate yenyewe inapoa."

Siwema alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, alimwachia. Songoro akapanda, akaenda kimya mpaka kwenye kona, na alipokwishakata kona mluzi ukaanza tena.

Siwema alipogeuka, mama yake alikuwa amejiegemeza dirishani. Bi Asumini alikuwa anacheka, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, na hakuna sauti yoyote iliyokuwa inatoka. Aliinua kidole, akaligusa sikio lake.